Kabla ya kuuliza Ubudha upi ndio wa kweli, tazama bakuli

Watu wakizungumzia Ubudha hawakawii kuuliza: kati ya matawi yake makuu, Theravada, Mahayana na Vajrayana, upi ndio wa asili? Swali hilo linanikera. Heri waulize watawa wanakula nini.

Luang Prabang, Laos, alfajiri. Akina mama wamepiga magoti kando ya barabara, kila mmoja na kikapu cha wali wa kunata. Watawa wanapita peku, mstari mmoja, kimya. Mama anamega tonge, anatia bakulini, anamega jingine kwa anayefuata. Mtawa hachagui. Akitiliwa nyama anakula, mradi hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Adhuhuri ikipita, hali tena mpaka kesho. Hiyo ndiyo Theravada, ya huko na ya Sri Lanka, Myanmar, Thailand na Kambodia.

Uchina, kwenye Mahayana, mtu mwenye nguvu zake kutembeza bakuli hakukupendeza wengi. Mfalme Wu wa dola ya Liang, karne ya 6, akawabana watawa waache nyama kabisa. Wa madhehebu ya Chan, ambayo Wajapani huyaita Zen, wakashika jembe. Husimuliwa kwamba mwalimu wao Baizhang (720–814) alipozeeka, wanafunzi walimhurumia wakamfichia zana zake. Akagoma kula mpaka aliporudishiwa: siku bila kazi ni siku bila chakula. Nampenda sana mzee huyu! Ila kwa kanuni za yule mtawa wa Laos, kuchimba ardhi ni kosa. Basi mmoja wao si Mbudha? Siafiki hata kidogo. Kila mmoja alitafuta njia ya kuishi bila tamaa katika nchi aliyomo.

Tibet, kwenye Vajrayana, nyanda za juu zina baridi na mboga ni adimu, hivyo watawa wengi wamekula nyama ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huko, na unga wa shayiri ya kukaanga uliokandwa kwa chai ya siagi. Japani, kwenye Mahayana tena, serikali ya Mfalme Meiji iliruhusu watawa kula nyama na kuoa mwaka 1872. Leo mahekalu mengi hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba.

Na Buddha mwenyewe? Mlo wake wa mwisho alipewa na Cunda, mfua vyuma. Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, ni sukaramaddava: wengine husoma nyama ya nguruwe, wengine uyoga, na hawajakubaliana. Maandiko yanasema aliugua baada ya kula, akamwagiza mwanafunzi wake Ananda amwondolee Cunda majuto.