Hawala Si Soko la Gizani

Wapo wanaoandika kuhusu Afghanistan kana kwamba watu wake hawakujua mambo ya fedha hadi walipoletewa benki, na kana kwamba hawala, njia yao ya kutumiana fedha bila benki, ni soko la gizani. Napinga kauli hiyo, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuipinga, kwa kuwa wazee wetu waliita hawala ile hati ya fedha zilizotumwa kwa posta, na neno letu sarafu lina shina moja na sarraf, yaani Mwafghani anayebadilisha na kupokezana fedha sokoni.

Hawala hufanya kazi hivi: kibarua aliyeko Dubai humkabidhi sarraf dirham zake na kupewa namba. Mama yake aliyeko Kandahar huitaja namba hiyo kwa sarraf mwingine na kulipwa afghani, fedha ya nchi yake, ingawa hakuna noti hata moja iliyovuka mpaka. Wawili hao hulipana baadaye, pengine kwa bidhaa, na kinachowafunga ni jina lao, kwa maana anayedhulumu hukosa mteja na mshirika. Mizizi ya biashara hii ni mirefu: wafalme wa Durrani, waliotawala Afghanistan katika karne ya 18, walitegemea mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindu wa Shikarpur, mji wa Sindh, ambao hundi zao ziliheshimiwa hadi Bukhara, mji wa Asia ya Kati.

Benki zilichelewa kufika. Abdul Majid Zabuli alianzisha Bank-e Milli mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1939 ikafuata benki kuu, Da Afghanistan Bank. Namheshimu Zabuli, maana mtaji wake uliinua kilimo na viwanda vya pamba kaskazini mwa nchi, lakini wakulima wengi wadogo waliendelea kukopa kwa wafanyabiashara wa sokoni.

Kabul Bank ndiyo inayonisikitisha. Ilianzishwa mwaka 2004, ikawa na leseni, ikakabidhiwa mishahara ya walimu na askari, kisha mwaka 2010 ikabainika kwamba karibu dola milioni 900 zilikuwa zimekopeshwa wanahisa wenyewe na ndugu za wakubwa wa nchi. Mwenyekiti wake, Sherkhan Farnood, alikuwa mtu wa hawala kabla ya kuwa mtu wa benki. Sokoni wenzake wangemdai uso kwa uso, ilhali mwalimu aliyewekewa mshahara wake humo hakuwa na njia ya kujua fedha zimekwenda wapi. Sikatai kwamba fedha za afyuni nazo zimepita mikononi mwa masarraf. Hata hivyo, wanaolitaja kosa hilo kila mara wanapaswa kuitaja Kabul Bank kwa sauti ileile.

Kisha ukaja Agosti 2021. Taliban walipoingia Kabul, Marekani ilizuia takriban dola bilioni 7 za benki kuu ya Afghanistan zilizokuwa zimehifadhiwa New York, na mwenye akiba benki akaruhusiwa kutoa dola 200 tu kwa wiki, baada ya kusimama foleni tangu alfajiri. Naona huo ni uonevu, kwa sababu aliyeadhibiwa ni mjane na muuza duka, si mtawala. Sarai Shahzada, soko kuu la masarraf mjini Kabul, lilifungwa kwa wiki chache tu, likafunguliwa tena, na mashirika ya misaada yaliyokuwa yakitafuta namna ya kulipa wafanyakazi wao mikoani yakawaendea masarraf.