Ile U ni yetu

Juzi usiku umeme ulikatika hapa Wete, kusi linavuma, nyota zimejaa. Tuko barazani na kahawa. Nikamwonesha jirani yangu kundi la nyota la Mshale, ambalo wenye kusoma falaki huliita Kausi, nikamwambia pale kuna nyota ambayo, ikiwa katika majira yake, huripuka kila baada ya saa chache. Akapuliza kikombe. "Hayo ya Wazungu, bwana."

Hapo ndipo tulipokosana. Nyota hiyo inaitwa 4U 1820-30, na ile U ni Uhuru, neno letu hili hili. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Malindi, jamani! Ikapewa jina la siku yenyewe, na nyota za orodha yake ya nne zikaanza na 4U. Mimi nimesoma fizikia miaka minne. Eksirei niliyofundishwa ni ya mfupa uliovunjika tu. Uhuru hakuna aliyeutaja.

Na jambo lenyewe si gumu. Bibi alikuwa na stovu ya kupampu. Mafuta yakivuja, yanajikusanya kisahanini kimya kimya. Ukija na kibiriti, bwaa! Nyusi huna. Nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyokufa, ina upana wa kilomita 20 na kitu, lakini ni nzito kuliko jua. Hiyo ya Kausi ni ya namna hiyo, inamnyonya nyota mwenzake gesi ya heliamu, wanazungukana kwa dakika 11. Heliamu inarundikana, inabanwa, inachemka, mpaka inaripuka yote kwa mpigo. Kwa sekunde chache hutoka nishati ambayo jua letu huitoa kwa siku kadhaa. Kisha inaanza kurundika upya.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mripuko huo unafichua kuwa nyota ina sakafu, si shimo jeusi linalomeza kila kitu. Shimo jeusi halina pa kurundikia kitu. Na nyota nyengine, 4U 1728-34, mwanga wa miripuko yake ulipopimwa ulikutwa ukipepesa mara 363 kwa sekunde: ndivyo inavyojizungusha. Kama pia ya mtoto!

Jirani akakodoa macho juu. "Mbona siioni?"

Nikamwambia eksirei zinazuiwa na hewa, ndiyo maana ikabidi kurusha chombo.

"Na huo Uhuru bado upo?"

"Ulinyamaza 1973. Mwaka 1979 ukaanguka, ukaungulia huko huko juu."

"Innalillahi," akasema, akanimiminia kahawa.