Lafudhi ya Ufaransa siyo faida kubwa
Mwandishi wa makala niliyoisoma anadai kwamba mwalimu mtarajiwa wa Kifaransa akikaa Ufaransa mwaka mmoja hurudi na matamshi safi, na kwamba hiyo ndiyo faida kuu. Sikubali. Nimesomea ualimu wa Kifaransa hapa Tanzania, kisha nikapata nafasi ya kusoma Besançon, huko Ufaransa, na matamshi niliyorudi nayo ni faida ndogo tu. Kilichonibadilisha ni kuwa mwanafunzi mwoga tena, naogopa hata kumuuliza muuza mkate bei. Halafu kuna Kifaransa chenyewe: vitabuni tulikaririshwa kukanusha kwa "ne" na "pas", kumbe kwenye maongezi ya kawaida hiyo "ne" huisikii, na badala ya "nous" (sisi) watu wanasema "on". Sasa mwanafunzi wangu akiidondosha "ne" anapoongea namwacha aendelee. Kwenye insha namkata alama, maana mtihani wa Baraza la Mitihani hauna utani. Ila viza, bima na nauli ya Ulaya vinawafungia mlango wengi, wakati Bujumbura, Burundi, iko jirani na Kigoma na Kifaransa ni lugha rasmi huko. (Usipange chumba mtaa wa Buyenzi tu, utajibiwa Kiswahili mpaka usahau kilichokupeleka.) Mliosomea Bujumbura, au Bukavu na Lubumbashi kule Kongo, mkirudi kuomba kazi shule za huku mnapokewaje? Au bado mwenye cheti cha Ulaya ndiye anayeitwa kwanza kwenye usaili?