Homa ya Spidi 80

Mtoto analia usiku kucha, asubuhi ukimfikisha zahanati anacheka na kuomba biskuti, daktari anakutazama wewe kama ndiye mgonjwa. Gari langu limezaliwa na tabia hiyo hiyo. Spidi 40 limetulia kama bibi harusi. Spidi 60 bado mstaarabu. Likigusa 80, stelingi inatetemeka mikononi mwangu kama kuku aliyesikia leo kuna wageni. Likifika 95, simu niliyoiweka kwenye dashibodi inatembea yenyewe mpaka inadondoka. Siku moja mama Neema alijaribu kupaka wanja humo ndani, mstari ukaanzia jichoni ukaishia sikioni. Hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Sasa nenda kamwambie fundi wa Dar es Salaam kwamba gari linatetemeka spidi 80. Atataka alisikie. Mkalisikie wapi? Tulitoka gereji pale Mbezi saa kumi jioni, yeye kashika usukani, kichwa kakiinamisha upande kama mkunga anayesikiliza mimba. Dakika 40 tuko nyuma ya lori la mchanga, spidi kubwa kuliko zote tuliyopata ni 30, tena ya kumkwepa bodaboda. "Bosi, mbona gari haina shida?" Kwa foleni hizi, sisi wa Dar tungeweza kuendeshea matairi ya mraba na tusigundue.

Lakini fundi hawezi kukuacha uondoke hivi hivi. Alipiga jeki, akalitikisa tairi la mbele, kisha akatikisa kichwa. "Boljointi." Tukabadilisha boljointi. Wiki iliyofuata ikawa tairodi endi. Kisha bushi. Kisha akaniita nilale chini ya gari, na shati langu jeupe la kazini, anionyeshe draivu shafti. Nikaitazama, nikaguna kama mtu anayeelewa, maana ukishalala chini ya gari na wanaume wenzako wamesimama pembeni, huwezi tena kusema huelewi. Spea zilizotoka alinifungia kwenye kiroba, "ili ujue sijakuibia, bosi". Nilizimwaga nyumbani nikazikagua moja moja. Nzima. Zina afya kuliko mimi.

Mwisho akanipeleka kwa jamaa yake nikapige alaimenti. Nikalipa. Kitu nilichochelewa kukijua ni kwamba alaimenti na balansi hazina undugu. Alaimenti ni habari ya matairi yanaangalia wapi. Ikikosewa, gari linavuta upande na tairi linalika ukingo mmoja kama soli ya kiatu cha mtu mwenye matege. Balansi ni habari ya uzito, gurudumu upande mmoja limeuzidi mwingine. Mimi naumwa cha pili, nimenunua dawa ya cha kwanza. Gari lilitoka pale linatetemeka vilevile, ila sasa linatetemeka huku limenyooka.

Tuna jirani mmoja, mzee mstaafu wa malori, huwa amekaa barazani na redio yake. Akaniuliza, "Kijana wangu, linatetemeka mikononi au makalioni?" Nikaona aibu, mama Neema alikuwa karibu. Kumbe swali la maana kabisa. Stelingi ikicheza, anza na matairi ya mbele. Kiti kikicheza, nenda nyuma. Likicheza pale unapokanyaga breki tu, tazama diski. "Na likicheza hata ukiwa umelizima, kapime presha." Akaniambia niende nikabalansi matairi, elfu tano tano, basi.

Sikumwamini, nasema kweli. Ugonjwa umeshakula laki nne, leo uponywe na elfu ishirini? Ukishatoboka kiasi kile, jibu la bei rahisi linakuwa kama tusi. Nikamshukuru mzee, nikapakia familia, huyoo, Morogoro kumrudisha mama mkwe.

Mpaka Kibaha safari ilikuwa nzuri, shukrani kwa vibao vya 50 na matrafiki wenye tochi. Penye tochi gari langu halina ugonjwa. Kibao cha 50 kilipoisha nikakanyaga mafuta, na homa nayo ikapanda. Mama mkwe alikuwa na rozari mkononi. Punje zikaanza kujisali zenyewe.

"Mkwe," akaniita kwa upole, "hii barabara ina nini?"

"Inatengenezwa, mama."

Lami imelala pale, laini, nyeusi. Basi moja likatupita kimya kimya kama linateleza kwenye siagi. Mama mkwe akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

"Wenzetu wamepita upande uliokwisha."

Mlandizi nikasalimu amri. Banda la matairi, mashine moja, na kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinabisha hodi. Hakuniuliza historia. Alifungua tairi la mbele kushoto, akalifunga kwenye mashine, akashusha kifuniko, likazunguka. Namba ikatokea: 90.

"Gramu," akasema, "upande wa ndani."

Nikacheka. Gramu 90 si kipande cha sabuni tu?

"Mzee, hiyo sabuni ukiwa spidi 90 inazunguka mara 12 na ushee kila sekunde, na kila ikizunguka inalipiga gari teke. Ukizidisha mwendo mara mbili, teke linakuwa kali mara nne." Ndiyo maana mjini teke lilikuwa la mtoto mchanga.

Nikajua sasa atabandika risasi, vile vipande vizito vya kusawazisha ringi. Wapi! Aliligeuza tairi, akaingiza bisibisi nyuma ya ringi, kule ambako hata muosha magari hafiki, akaanza kuchokonoa. Likadondoka bonge. Tope jekundu la Goba, limekauka kama tofali, ndani yake jani la mwembe na kizibo cha soda. Nililitambua palepale. Hilo ni la masika, siku niliyokwama mita 100 kutoka nyumbani, wakanisukuma vijana wanne, kila mmoja buku mbili. Nimetembea nalo miezi mitatu. Tope nimelinunulia boljointi. Nimelinunulia bushi. Tope, jamani, nimelipigia alaimenti!

Akalizungusha tena: 15. Akabandika risasi tatu za gramu tano tano, akazungusha, 0. Matairi mengine hayakuwa na mambo, isipokuwa moja la nyuma, ambalo kijana aliliinamia akalisoma ubavuni kama cheti. Tarakimu nne: 1909. "Wiki ya 19, mwaka 2009, mzee." Neema yuko kidato cha kwanza, kumbe ana dada. Na aliyeniuzia aliniapia ni mtumba wa Japani, jipya kabisa. Nikamwahidi kijana nitalibadilisha mwisho wa mwezi. Mwezi gani sikutaja.

Tunaikaribia Chalinze, spidi 90. Stelingi imelala. Mama Neema akatoa wanja, akanitazama kwanza, akapaka. Mstari umenyooka. Nyuma mama mkwe alishasinzia, akazinduka, akachungulia nje.

"Afadhali huku wameshamaliza."

"Ndiyo, mama. Wamemalizia Mlandizi."

Simu ikaita. Ilikuwa palepale dashibodi nilipoiweka. Fundi.

"Bosi, vipi, gari inasemaje?"

"Limetulia."

"Si nilikwambia? Zile spea mpya zilikuwa bado hazijazoeana."