Marehemu na mbuzi yake ya nazi

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye vichochoro ambavyo ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuuliza kama umeshapona. Muziki si mgeni kwangu. Arusi za kwetu nimezisikia tangu tumboni, na kaseti za Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, zililia dukani kwa babangu mpaka utepe ukikatika unaungwa kwa rangi ya kucha, kisha unaendelea. Kwa hivyo nilipoalikwa mwezi uliopita kwenye matanga ya nyanyake mwenzangu wa kazini, Mgiriama wa Mwakirunge, nikaambiwa kutakuwa na ngoma, nilidhani najua ninakokwenda.

Mwakirunge iko humu humu kaunti ya Mombasa. Sisi wa kisiwani tunaijua kwa jaa la taka, basi. Kutoka kwangu ni matatu mbili na bodaboda moja, na sikuwa nimewahi kukanyaga. Nina miaka 41 na Dubai nimefika mara tatu.

Nilifika baada ya Isha. Turubai, jenereta inayokohoa, wanawake wamejifunga leso kiunoni, wawili watatu wa makamo wamevaa hando, zile sketi za marinda za Kigiriama. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Nikatafuta mkeka, nikakaa na uso wangu wa kilioni, ule tunaofunzwa tangu utoto: macho chini, midomo inasoma. Kwetu maiti akishatiwa kaburini, na hilo hufanywa upesi, kinachosikika nyumbani ni kisomo. Mtu akicheka kwa sauti kwenye hitima ataangaliwa mpaka aondoke.

Zikaanza kayamba.

Kayamba nilikuwa nimeziona, nani hajaziona? Zinaletwa akija mgeni mkubwa, zinaletwa hotelini watalii wakila. Lakini sikuwa nimewahi kukaa karibu nayo kiasi cha kuona mikono. Ni bapa kama sinia, mabua yaliyofumwa kwa uzi, ndani mna mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Mchezaji haitikisi ovyo. Anailaza upande huu, anailaza upande ule, na vidole gumba vinagonga mgongoni mwake. Zikiwa tatu pamoja, unasikia mvua inakuja juu ya makuti kutoka mbali, inafika, inapita. Ngoma zikaingia chini yake. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba huo ni mwanzele.

Kigiriama na Kiswahili ni ndugu, kwa hivyo katika kila maneno matatu nilidaka moja, kama mtu anayesikiliza simu ya chumba cha pili. Nilidaka "nazi". Nilidaka "mbuzi". Nikashangaa mbuzi wa nini. Halafu watu wakaanza kucheka, na mwenzangu akanieleza huku machozi yanamtoka: marehemu alikuwa na mbuzi yake ya kukunia nazi, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwazima mtu. Ukienda kuiomba, atakuketisha, atakukunia nazi yako mwenyewe, atakuchujia na tui akipenda, lakini mbuzi haivuki mlango. Mwimbaji alikuwa akimuuliza marehemu kwa jina: leo umemwachia nani?

Mtu mmoja akaingia jikoni akaileta. Mbuzi yenyewe, kiti kimelainika kwa kukaliwa, jino la chuma limelika upande mmoja. Ikawekwa katikati. Mwimbaji akaikalia, akawa anakuna nazi isiyokuwepo huku anaimba, akigeuza shingo kuangalia kama kuna mwizi. Binti mkubwa wa marehemu alicheka akajiziba mdomo kwa leso. Na kicheko kile, bila kukatika, kikageuka kilio. Wanawake wawili wakamshika. Kayamba hazikunyamaza. Zilishuka tu, zikabaki zinanong'ona, zikamngoja. Alipovuta pumzi zikapanda tena.

Katika arusi zote nilizohudhuria sijaona mpigaji anayemsikiliza hivyo mtu aliyekaa mkekani.

Mwanamke mmoja mzee kando yangu aliniuliza, "Mwanangu, kwenu mtu akifa mwaimba nini?" Nikamwambia kwetu hatuimbi, twasoma. Akafikiri kidogo. "Na nani amsema?"

Sikuwa na jibu, bado sina. Kwetu wa kusemwa husemwa akiwa hai. Husemwa kwa fumbo, arusini, ameketi mstari wa pili na dhahabu zake, na anayetaka lifike huinuka na noti akamtunze mwimbaji penye ubeti wenyewe, polepole, ili kila jicho limfuate na kila mtu ajue nani kapigwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuinuka na noti. Kwa hiyo nilipojikuta nimekunja uso kwamba hawa wanamtania marehemu, ilinibidi niukunjue.

Yule mzee akanipa kayamba. Nilijaribu. "Unapepeta mchele?" akaniuliza, na mkeka mzima ukacheka. Akaichukua.

Sasa nisemacho ni hiki, na najua baadhi ya wenzangu wa Mji wa Kale hawatakipenda. Tunajisifu kwamba masikio yetu yamesafiri. Kweli yamesafiri. Taishokoto, kinanda cha nyuzi na vibonye, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikapita India, ikaingia taarabu ya Mombasa mpaka leo tunaiona yetu. Sauti za sinema za Kihindi tunaziimba neno kwa neno na Kihindi hatukijui. Udi na fidla za Misri tumezipokea kwa mikono miwili. Lakini kayamba iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali tunaiita "ngoma za kina fulani", na tukiitaka tunaikodi kwa dakika kumi, icheze wakati mheshimiwa anashuka garini. Nilijua kuwa misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani wakiwemo Wagiriama, iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, maana niliwahi kuulizwa kwenye shindano la maswali ofisini na nikapata. Nilichokuwa sijui ni mwanzele unafanya kazi gani usiku.

Maana ni kazi. Hilo ndilo hotelini halionekani. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipozunguka Ugiriama mwaka 1913 kuwakusanya watu wakatae kodi na vibarua vya Mwingereza, aliwavuta kwa kifudu, ngoma ya matanga. Mkoloni akamkamata akampeleka Kisii. Siamini aliiogopa burudani.

Siku hizi ukitaja ngoma ya matanga pwani, watu hufikiria disko matanga, spika na watoto wa shule gizani, jambo ambalo serikali imelipiga marufuku zaidi ya mara moja, na mimi ni mama, sitalitetea. Lakini nimesikia watu wakizitia ngoma zote za usiku kapu moja na kusema zifungwe, na wengi wao, naapa, hawajawahi kukaa kwenye mkeka mmoja. Mtu aseme alichokiona.

Sikupenda kila kitu. Tembo la mnazi lilizunguka kwa wingi, nikawekewa soda bila kuulizwa, jambo la heshima, lakini kijana mmoja alikwisha kulewa kufikia saa nne na alitaka kunieleza siasa. Wala sisemi Waislamu tukapige kayamba hitimani, mama angefufuka anipige yeye. Nina dini yangu na kilio changu kina mpango wake. Ila zile kayamba zilizoshuka zikamngoja binti wa watu alie, hizo nimerudi nazo nyumbani na siwezi kuzitoa masikioni.

Saa sita kasoro kakangu alinifuata na tuktuk. Njia nzima analalamika mashimo, mimi kimya.

Jumatatu ofisini nikamuuliza mwenzangu mbuzi ilikwenda kwa nani. Akasema bado. Mashangazi watatu wanaigombania, na kwa sasa imefungiwa kabatini, ufunguo anao mjomba, ambaye hajawahi kukuna nazi maishani mwake.