Sakafu ya Ulaya, Sisimizi wa Kihonda

Jumapili iliyopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinipigia simu kabla jua halijachomoza vizuri. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Kijana wangu, nyuki wamehama."

Nikaenda na ndala zangu hivyo hivyo. Mzinga ulikuwa kimya, kimya kile ambacho mfugaji akikisikia hata mfuniko hana haja ya kuufungua. Tuliufungua. Masega manne, asali kidogo pembeni, majana, yaani watoto wa nyuki, yametelekezwa. Na sisimizi. Mstari mmoja unapanda mguu wa stendi, unaingia kupitia wavu wa chini, mwingine unashuka na mzigo kwa mguu wa pili. Hakuna kugongana. Daladala zetu zingepangika vile, stendi ya Msamvu hapa Morogoro pangekuwa Ulaya.

Nikavuta ile trei nyeupe ya plastiki inayokaa chini ya wavu. Jamani. Vumbi la nta, chavua iliyoota ukungu, funza wa nondo wamejisokotea hariri kutoka kona hadi kona, na katikati uji fulani unaonuka kama machungwa yaliyosahauliwa kwenye gunia. Vijimende vyeusi vya mzinga vikakimbia mwanga. Sentimita chache juu ya hapo ndipo kundi zima lilipokuwa linalala.

Mwalimu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Si ndiyo ile sakafu ya kisasa uliyonisifia?"

Ndiyo. Mimi ndiye niliyemsifia. Tulikwenda naye kwenye mafunzo ya siku mbili, tukaoneshwa picha za mizinga ya Ulaya kwenye majani yaliyokatwa kama kapeti, na mchana wa siku ya pili, kabla hata wali haujashuka tumboni, zikaletwa sakafu za wavu. Elfu themanini na tano moja. Kwa hela hiyo fundi wangu ananichongea sakafu nne za mbao na chenji ya soda inabaki. Lakini aliyesimama mbele alikuwa na kalamu ya taa nyekundu, na sisi Waswahili mtu mwenye kalamu ya taa nyekundu hatumbishii.

Sasa nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira ni yangu mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Sakafu ya wavu haikubuniwa na wajinga. Ilienea kule kwa sababu ya utitiri wa varoa, kidudu kidogo kinachong'ang'ania mwilini mwa nyuki, ulioingia Marekani mwaka 1987 na Uingereza mwaka 1992, ukawasambaratisha nyuki wao ambao hawakuwahi kuuona. Wavu una matundu ya kama milimita tatu: utitiri ukidondoka kutoka mgongoni kwa nyuki unapita chini moja kwa moja, haupati njia ya kupanda tena. Nyuki hapiti. Trei nayo ni ya kuhesabia, mfugaji anaichomoa, anahesabu walioanguka, anajua kama hali ni mbaya. Hata kule hakuna mfugaji makini anayekwambia wavu peke yake ni dawa, maana utitiri huzaliana ndani ya vyumba vya majana vilivyofunikwa, na humo wavu hauna la kufanya.

Varoa tunao pia. Walithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Lakini nyuki wetu hawa wakali, hawa hawa tunaowatukana kila wakitukimbiza hadi kwa jirani, wameishi nao bila kufa makundi kwa makundi kama ilivyotokea kule. Niambieni basi: wewe wa Kihonda una mizinga mitatu nyuma ya choo, umeshapoteza makundi mangapi kwa utitiri? Na mangapi kwa sisimizi na siafu?

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa watu wanapapita mbio. Adui wa mzinga wa uani kwetu anakuja kwa miguu, na anatokea chini. Tundu la milimita tatu kwa sisimizi ni geti la uwanja wa mpira. Anaingia apendavyo, wakati nyuki mlinzi, ambaye kwenye mbao angemkuta mlangoni na kumtupa nje, anabaki juu ya wavu anamwangalia akila. Wavu umewazuia polisi na kuwapitisha wezi.

Halafu ile trei. Nyuki ni msafi kuliko wengi wetu. Kwenye sakafu ya mbao uchafu ukidondoka anaukokota hadi mlangoni na kuutupa. Nimewahi kukaa na chai yangu nikamtazama mmoja akivuta maiti ya mwenzake, anaanguka nayo, anarudi, anaisukuma, hadi ukingoni, kisha anaruka nayo. Vijimende vile, ambavyo kwao hasa ni Afrika hii hii, nyuki wetu wana namna ya kuvikimbiza hadi kwenye pembe na kuvijengea gereza kwa gundi yao. Sasa wewe unamwekea nyuki huyu chumba cha chini asichoweza kuingia, uchafu wote unadondokea huko, halafu unakiita cha kisasa! Ile si sakafu, ni jalala lenye dari. Mzungu anaichomoa trei yake kila baada ya siku chache na daftari mkononi. Mwalimu aliichomoa mara ya mwisho lini? Nilimuuliza. Akasema alidhani imegongomelewa.

Babu yangu alifuga nyuki Sikonge, Tabora, kwenye mizinga ya magogo, na neno sakafu hakuwahi kulitamka. Gogo lina tumbo la mviringo, limening'inizwa juu ya mti, basi. Nyegere akija anaangalia juu anajilamba. Sisimizi anayetaka asali apande mti mzima kisha ashuke na kamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani wazee wananing'iniza ili nyuki wasituume sisi watoto. (Sisemi turudi kwenye magogo, na ile ya magome inayoua mti mzima kwa mzinga mmoja ndiyo kabisa iachwe.) Ila babu alijua jambo ambalo kalamu ya taa nyekundu haikuligusa: kabla ya kuuliza mzinga una kitako gani, uliza umekaa juu ya nini.

Kwa hiyo hela yangu siku hizi inaenda kwenye miguu. Stendi ya chuma cha engo, miguu minne, kila mguu nimeuzungushia grisi nzito katikati na juu yake kifuniko cha bati kama sketi, mvua isiioshe na nyuki asinase. Zamani nilisimamisha miguu kwenye makopo ya oili chafu kama kila mtu. Masika yanajaza makopo maji, oili inaelea na kumwagika, na nyuki walio na kiu wanazama humo. Niliwahi kuokota maiti kopo zima, nikaona aibu hata ya kuwaeleza nyumbani.

Na nyasi! Mwezi wa nne nilikuwa na grisi mpya kabisa, najisifu, asubuhi nikakuta sisimizi ndani. Nilizunguka mzinga nusu saa. Kumbe kulikuwa na jani moja la nyasi, moja tu, limelala kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa mzinga, na juu yake wanapita kama bodaboda kwenye kivuko. Nilikata lile jani kwa vidole. Grisi ya elfu kumi ilishindwa na jani la bure.

Sakafu yenyewe? Ubao mkavu wa paini wa inchi moja, pande tatu vipande vya kuinua. Fundi wangu anatengeneza ya kugeuzwa: upande mmoja nafasi ya robo tatu inchi, wa pili nusu ya hiyo. Mlango ukiwa kama milimita nane hadi kumi, panya hapiti na yule nondo mnene mwenye picha ya fuvu mgongoni haingii kunywa asali kama baa. Ilale kidogo kuelekea mbele, maji ya mvua yatoke. Na tafadhali, isigongomelewe kwenye mzinga. Sakafu iliyopigwa misumari huwezi kuisafisha, na mafundi wetu wanapenda msumari kuliko mshahara. Rangi ya mafuta ndani, hapana. Plywood ya dari, masika moja tu imevimba kama andazi.

Haya, kuna mtu wa Dar ameshanuna. Ni kweli, joto la huko na unyevu wa bahari ni habari nyingine, na mzinga uliokaa juani Mbagala unaweza kunufaika na hewa ya chini. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini dada yangu, kivuli cha mwembe kinafanya kazi hiyo hiyo na hakiuzwi. Ukishindwa kabisa kuacha wavu, basi tupa ile trei, mzinga uwe juu, chini pawe wazi na pafagiwe, na miguu ipakwe grisi. Mwenye kuhesabu utitiri kwa ajili ya utafiti naye aendelee, simgombezi.

Kinachonikera mpaka sasa si wavu. Ni kwamba siku mbili nzima watu arobaini tulikaa kwenye viti vya plastiki, na neno siafu halikutajwa hata mara moja. Mama mmoja wa Mvomero alinyoosha mkono akauliza, "Na hawa wadudu wa kutambaa je?" Akajibiwa kuwa swali lake zuri, litajibiwa kwenye moduli ijayo. Moduli ijayo ilikuwa chakula cha mchana.

Mwalimu hajakata tamaa. Masega yake mazuri mawili tumeyahifadhi, na mzinga tumeukwangua na kuupitisha moto wa majani makavu ndani. Fundi kaahidi sakafu ya mbao Ijumaa, maana yake Jumanne. Jumamosi naenda kwake na panga la kufyekea na kopo la grisi. Wavu mama wa nyumba ameshauchukua, anaanikia dagaa, na anasema kwa kazi hiyo haujawahi kumwangusha.