Zimeondolewa sokoni, zimebaki nyumbani

Wahariri wetu wa Kiswahili wana msemo wao wa siku zote kampuni inapotangaza kwamba bidhaa yake ina kasoro na inataka irudishwe: bidhaa hiyo "imeondolewa sokoni". Niliusoma kwa miaka bila kuutilia maanani, mpaka Novemba 2019, shirika la viwango la Kenya, KEBS, liliposimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu na kuagiza zirudishwe. Agizo lilihusu rafu na maghala. Unga uliokwisha kufika majikoni ulikuwa umeshasongwa ugali, na ugali umeshaliwa. Msemo wetu, pasipo kukusudia, ulikuwa umesema kweli tupu. Unga uliondolewa sokoni. Hakuna aliyedai kwamba umeondolewa nyumbani.

Tofauti hiyo ya soko na nyumba ndiyo iliyonirudisha kwenye mabishano ya Wamarekani kuhusu vichezeo vya watoto. Upande mmoja unasema: mwache mtu atengeneze na auze, kichezeo kikionekana kina hatari, kirudishwe, na mwenye kosa atozwe faini. Upande wa pili unataka kichezeo kipimwe na maabara isiyo ya mtengenezaji kabla hakijagusa rafu ya duka. Upande wa kwanza umepata watetezi wenye maneno ya kugusa moyo, kwa kuwa ndiko waliko mafundi seremala, akina mama washonaji na maduka ya mitumba. Wa pili umebaki na sura ya karani mwenye mhuri. Sidhani kama umewahi kusikilizwa vizuri.

Februari 2006, huko Minneapolis, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kidani chenye umbo la moyo. Kidani hicho kilitoka kwenye bangili iliyotolewa bure, zawadi kwa aliyenunua viatu vya watoto vya Reebok. Kilipopimwa, asilimia 99.1 yake ilikuwa madini ya risasi. Mwezi uliofuata bangili 300,000 zikatangazwa zirudishwe, na mwaka 2008 kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 1. Ukiwa mtetezi wa upande wa kwanza, huna la kulalamikia hapo: kasoro iligunduliwa, tangazo likatoka, faini ikalipwa. Kilichofanya kazi ya maabara ni tumbo la mtoto.

Mwaka mmoja baada ya kifo hicho likaja sakata la Mattel, kampuni kubwa ya vichezeo ya Marekani. Agosti 2, 2007 vichezeo vya Fisher-Price, chapa ya Mattel, vipatavyo milioni 1.5 vilitangazwa virudishwe kwa sababu ya rangi yenye risasi. Vilitengenezwa na kiwanda cha Lee Der cha Foshan, mkoani Guangdong. Siku chache baadaye Zhang Shuhong, mmoja wa wamiliki wa kiwanda hicho, akajiua. Agosti 14 Mattel ikatangaza tena: magari madogo 436,000 yenye rangi ya risasi, na vichezeo milioni 18.2 vyenye sumaku ndogo ambazo ziliweza kuchomoka. Dunia nzima ikapaza sauti moja: China!

Hebu tazama hesabu hizo tena. Vya rangi havikufika hata robo ya vile vya sumaku, na sumaku hazikuwekwa pale na mfanyakazi mzembe wa Guangdong. Ziliwekwa kama zilivyochorwa. Septemba mwaka huohuo Thomas Debrowski, mmoja wa wakuu wa Mattel, alikwenda Beijing kuomba radhi, akakiri kwamba sehemu kubwa ya vichezeo vilivyorudishwa ilitokana na usanifu wa kampuni yenyewe. Sijui ni wangapi wanaukumbuka ukiri huo. Rangi ya Wachina inakumbukwa na kila mtu. Lakini sumaku si jambo dogo. Mtoto akimeza moja, huenda ikapita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, zinavutana zikiwa kila moja katika kipande chake cha utumbo, zinabana kuta zilizo katikati, na mwisho zinatoboa. Dalili zake mwanzoni ni za tumbo la kawaida: kutapika, kulialia, mtoto kukataa chakula.

Nani alikuwa anapima wakati huo? Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, CPSC, ilikuwa na watumishi wapatao 400, kutoka karibu 1,000 mwaka 1980. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kazi ya kupima vichezeo kwa muda wote ilikuwa ya mtu mmoja. Nchi nzima.

Ndipo ikaja sheria iliyotiwa saini Agosti 14, 2008. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 424 dhidi ya 1, Seneti kwa 89 dhidi ya 3. Kiwango cha risasi kwenye rangi kilishushwa kutoka sehemu 600 kwa kila milioni hadi 90. Kwenye kichezeo chenyewe kikashushwa kwa awamu hadi 100 mwaka 2011. Vigezo vya vichezeo ambavyo awali viliachiwa hiari ya viwanda vikawa lazima, vya sumaku vikiwemo. Kubwa kuliko yote, vipimo vikatakiwa vifanywe na maabara ya nje kabla ya kuuza.

Waliopinga sheria hiyo walikuwa na hoja, na baadhi yake zilikuwa nzito. Vipimo hutozwa kwa kila aina ya kichezeo. Kiwanda kinachotoa magari milioni ya aina moja hakisikii maumivu. Fundi anayechonga mikokoteni hamsini ya mbao katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake anaweza kumalizwa na ankara moja. Selecta, kampuni ya Ujerumani ya vichezeo vya mbao, iliacha kuuza Marekani. Maktaba na wauza mitumba walibaki na wasiwasi juu ya vitabu vya watoto vilivyochapishwa kabla ya 1985. Pikipiki ndogo za magurudumu manne za watoto zilitolewa madukani kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye vichwa vya betri na vali, sehemu ambazo hakuna mtoto anayezitia mdomoni, na wauzaji wakauliza kwa haki: mtoto akikosa yake, si atapanda ya baba yake? Halafu kuna lile linaloudhi kuliko yote. Mattel, ambayo matangazo yake ndiyo yaliyozaa sheria, ilikubaliwa kutumia maabara zake yenyewe kwa masharti ya kuzitenga na shinikizo la wakuu wa biashara. Fundi wa mikokoteni, ambaye hakuwahi kumtilia mtu risasi mdomoni, alitakiwa aende kwa maabara ya nje.

Sina la kutetea hapo. Bunge lilikimbia, na anayekimbia hukanyaga wadogo. Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa: vitabu vya kawaida vikapumzishwa, na mtengenezaji mdogo mwenye mapato yasiyozidi takriban dola milioni 1 kwa mwaka, anayetoa bidhaa zisizozidi 7,500 za aina moja, akasamehewa sehemu ya vipimo vya nje. Kabla ya hapo CPSC ilikuwa imeshakubali kwamba mbao, pamba na vitu vya asili kama hivyo havihitaji kupimwa risasi. Mafundi walishinda, na walistahili. Lakini ukiusoma ushindi wao kwa makini, walichokuwa wakilalamikia ni bei ya mizani na nani ailipe. Hakuna fundi mwenye akili timamu aliyesema kwamba mizani ije baada ya mtoto kumeza. Hoja hiyo ilibebwa na wengine, waliosimama nyuma ya mgongo wa fundi.

Na hoja hiyo, kwamba tangazo la kurudisha linatosha, ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo.

Mwaka 2017 CPSC iliita wadau kujadili ufanisi wa matangazo yake, ikawaonyesha takwimu mbili. Ya kwanza ni asilimia 65: katika bidhaa zote zilizotangazwa kuwa na kasoro, hizo ndizo zilizorudishwa, zilizotengenezwa au zilizoharibiwa. Mtu akiishia hapo anaweza kulala usingizi. Ya pili ilihusu bidhaa zilizokwisha kufika mikononi mwa walaji. Asilimia 6.

Mbili hizi haziongelei kitu kimoja. Ile 65 imebebwa na soko: makontena ambayo hayajafunguliwa, maghala, rafu ambazo meneja anaweza kuzisafisha kwa amri moja ya simu. Ile 6 ni nyumba. Katika kila vitu mia vilivyovuka kizingiti cha mlango, sita ndivyo vilivyoguswa na tangazo. Nafahamu jibu la upande wa kwanza, nami nalikubali kwa sehemu: vichezeo vina maisha mafupi. Vingi katika vile 94 vilikuwa vimeshavunjika, vimepotea chini ya kochi, au vimetupwa na mama aliyesoma tangazo akaona hakuna haja ya kupanga foleni posta kwa ajili ya dola tatu. Aliyetupa jalalani amemlinda mwanawe sawasawa na aliyerudisha dukani, ila hahesabiwi. Haya, tuseme nusu nzima ya vile 94 imeishia hivyo. Vinabaki 47 vinavyochezewa, kwa kila 6 vilivyorudi. Ongeza ukarimu, sema robo tatu. Bado vilivyobaki sakafuni ni karibu mara nne ya vilivyorudi.

Na hiyo hesabu ya ukarimu inadhani kwamba kinachobaki ni kitu cha bei ndogo ambacho watu wamekipuuza. Mwaka 2019 Fisher-Price ilitangaza kurudishwa kwa Rock 'n Play, kitanda cha kubembelezea watoto wachanga, vipatavyo milioni 4.7, baada ya taarifa za vifo zaidi ya 30. Hicho si kigari cha plastiki. Kilikuwa na bei, na habari yake ilienea kila mahali. Januari 2023 kampuni na CPSC walilazimika kulitangaza jambo lilelile upya: taarifa za vifo zilikuwa zimefika karibu 100, na angalau vifo 8 vilitokea baada ya tangazo la kwanza. Wala sidhani kwamba wazazi hao walikuwa wazembe. Kitanda cha mtoto hakikai na aliyekinunua. Kinatoka kwa dada kwenda kwa wifi, kwa wifi kwenda kwa jirani, au kinauzwa uani Jumamosi kwa bei ya kutupa. Tangazo linamfuata mnunuzi wa kwanza, na kitanda kiko kwa mtoto wa tatu.

Yupo atakayesema vipimo vya awali havikuzuia hilo la kitanda. Kweli, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kigezo cha lazima kinachohusu vitanda vya aina ile vilivyoinama. Sumaku zinatoa jaribio safi zaidi. Baada ya 2008 vichezeo vya watoto vilibanwa, lakini vikaja vijipira vya sumaku vinavyouzwa kama burudani ya mtu mzima mezani kwake ofisini, Buckyballs na wenzake, navyo havikuguswa na kanuni za vichezeo. Mwaka 2014 CPSC ikaweka kanuni ya kuvibana. Novemba 2016 mahakama ya rufani ya huko Denver ikaifuta, ikisema tume haikuchambua vya kutosha gharama na faida zake. Kisheria huenda majaji walikuwa na haki. Tume inayotaka kufunga biashara ya mtu sharti ionyeshe hesabu zake. Basi kanuni haikuwepo tena, na matangazo ya kurudisha yaliendelea kama kawaida. CPSC inakadiria kwamba kati ya 2017 na 2021 hospitali za Marekani zilipokea kwenye vitengo vya dharura watu 2,400 kila mwaka waliomeza sumaku. Kanuni mpya ikapitishwa 2022.

Huku kwetu mabishano haya yanakuja kwa jina jingine. TBS, shirika la viwango la Tanzania, na KEBS hutumia utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi hawajawahi kuupenda: ada, ucheleweshaji, cheti kinachoombwa mara mbili. Nawasikiliza kama ninavyomsikiliza yule fundi wa mikokoteni, na pale ada inapomlemea mwenye katoni tano kuliko mwenye kontena tano, wana haki ya kupiga kelele. Ila anayesema ukaguzi ufutwe, bidhaa mbovu zitashughulikiwa zikigundulika, anatuahidi kitu ambacho Marekani yenye barua pepe za wateja, kadi za dhamana na runinga kila chumba imekipata kwa asilimia 6.

Mdoli aliouziwa mama dirishani mwa daladala pale Ubungo hauna chapa, hauna namba ya toleo, hauna risiti. Kiwanda kilichoutengeneza kikitangaza kesho kwamba rangi yake ina risasi, kitautaja kwa jina ambalo mama huyo hajawahi kulisikia. Mtu wa mwisho aliyekuwa na nafasi ya kuupima alikuwa bandarini, au mbali zaidi ya hapo, kontena lilipokuwa linafungwa.